Doa jeusi kwenye retina ya mtoto mwenye sikoseli: arudi kliniki ya nini ilhali anaona vizuri?

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka 14, ana sikoseli (SS, yaani amerithi himoglobini S kwa wazazi wote wawili) na anatumia dawa ya haidroksiyurea. Tunaishi Kisumu. Mwezi uliopita alipimwa macho kwa mara ya kwanza. Alisoma herufi zote hadi mstari wa chini, 6/6 macho yote mawili. Kisha wakamtia matone, wakammulika, wakaandika kwenye kitabu chake kwamba jicho la kulia lina doa jeusi lenye miale pembeni mwa retina, arudi baada ya mwaka mmoja. Je, doa hilo ni saratani? Atakuja kuwa kipofu? Na kama anaona vizuri hivi, kuna haja gani ya kupoteza siku ya shule na nauli? Ana dada wa miaka 11 ambaye ni AS, yaani mbebaji tu. Naye nimpeleke?

Jibu: Mama, nianze na lile linalokunyima usingizi. Doa hilo si saratani, na lenyewe halitampofusha mwanao. Lakini mrudishe kliniki mwaka ukiisha, na umrudishe kila mwaka baada ya hapo, hata akiendelea kusoma herufi zote. Doa linatuambia kwamba mishipa midogo ya sehemu ile ya jicho imewahi kuziba na kuvuja damu. Kinachopofusha watu wenye sikoseli ni kitu kingine kinachoota jirani na sehemu kama hiyo, na kikiota hakiumi, hakiwashi, wala hakigusi uwezo wa kusoma herufi ukutani mpaka siku kinapopasuka.

Madaktari huliita doa la jua jeusi kwa sababu ya umbo lake: kiini cheusi chenye ncha zilizotawanyika kama miale. Ni kovu. Wakati fulani, labda miezi au miaka iliyopita, mshipa mwembamba pembeni mwa retina uliziba kwa chembe za damu zilizojikunja, ukuta wake ukadhoofika, ukapasuka. Damu hiyo ikiwa mbichi huonekana nyekundu, halafu katika siku na wiki zinazofuata hugeuka kuwa baka la waridi linaloelekea rangi ya chungwa. Ikiishia ndani ya retina na kunyonywa, huacha kijishimo chenye vichembe vinavyometameta, ambavyo ni mabaki ya chuma cha damu. Ikizama hadi kwenye tabaka la rangi lililo nyuma ya retina, seli za tabaka hilo huchokozeka, huzaana na kupanda juu pamoja na weusi wake. Hapo ndipo jua jeusi linapojitokeza. Kwa kawaida upana wake hauzidi mara mbili ya kichwa cha neva ya jicho, yaani ni kuanzia chini kidogo ya milimita 1 hadi kama milimita 3. Haligeuki kuwa uvimbe. Mtu asiyejua kwamba mtoto ana sikoseli anaweza kulidhania kovu la toksoplasma (maambukizi ya kimelea) au alama ya kuzaliwa nayo, kwa hiyo popote atakapopimwa, neno la kwanza liwe: huyu ni SS.

Utasikia likiitwa jambo la nadra. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya unadra huo inatokana na jinsi watu wanavyopimwa. Doa hukaa pembeni kabisa, na wagonjwa wengi wa sikoseli hawajawahi kutazamwa huko.

Kwa nini pembeni? Damu huingia retina kupitia nyuma ya jicho na kusambaa kwa mishipa inayozidi kuwa myembamba kila inapogawanyika, na safari ndefu zaidi ni ile ya kwenda upande wa sikio. Ni kama mifereji ya mpunga kule Ahero: maji yakipungua au mfereji ukiziba, shamba la mwisho ndilo hukauka kwanza. Chembe nyekundu yenye HbS (himoglobini ya sikoseli) ikipoteza oksijeni hujikunja na kuwa ngumu, ikakwama kwenye mshipa ambao chembe ya kawaida ingepita kwa kujibonyeza. Mishipa ya ukingoni huziba, na kipande cha retina kilicho mbele yake hubaki bila damu.

Kinachofuata kilipangwa katika hatua tano na Morton Goldberg mwaka 1971, na mpangilio huo bado unatumika. Hatua ya kwanza ni kuziba kwa mishipa ya pembeni. Ya pili, damu hutafuta njia ya mkato kati ya ateri na veni kwenye mpaka wa eneo lililokufa njaa. Ya tatu ndiyo tunayoiwinda: retina yenye njaa hutoa protini ya kuchochea mishipa, VEGF, na mishipa mipya huota pale mpakani, imetanuka kama upepeo, ndiyo maana huitwa upepeo wa bahari. Mishipa hii ni dhaifu, huvuja, na hushikamana na ute unaojaza jicho. Ute ukivuta, mishipa hukatika na jicho hujaa damu. Hiyo ni hatua ya nne. Nyuzi za kovu zikivuta retina yenyewe hadi ing'oke, ni ya tano.

Doa la mwanao haliko kwenye ngazi hizi tano. Linahesabiwa miongoni mwa alama za retina ambayo haijaanza kuotesha mishipa mipya. Hiyo ni habari njema, ila ni habari ya siku aliyopimwa.

Sasa tazama zile herufi za ukutani. Anayesoma herufi kwa umbali wa mita 6 anatumia kitovu cha retina tu, kisehemu kidogo mno katikati. Upepeo wa bahari unaweza kukaa pembeni miaka kadhaa na mtoto akaendelea kupata 6/6 bila kukosa hata herufi moja. Siku herufi zitakapopotea, tayari tuko hatua ya nne au ya tano, na kazi imekuwa ya chumba cha upasuaji. Hili ndilo jibu la swali lako la nauli: kipimo cha herufi na kipimo cha retina ni vitu viwili tofauti, na mwanao anarudi kwa ajili ya cha pili.

Hatari yake ni kubwa kiasi gani? Nchini Jamaika watoto wenye sikoseli walifuatiliwa tangu kuzaliwa. Walipofika miaka 24 hadi 26, asilimia 14 ya wenye SS walikuwa wameota mishipa mipya, dhidi ya asilimia 43 ya wenye SC, yaani waliorithi himoglobini S kwa mzazi mmoja na C kwa mwingine. Wengi hushangaa, kwa sababu SC ni wagonjwa wenye maumivu machache na damu nyingi kuliko SS. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba damu ya SC ni nzito, na mishipa yao huziba nusunusu, hivyo retina hubaki hai ikilia njaa kwa muda mrefu. Kwa SS kuziba huwa kamili zaidi, retina ya pembeni hufa, na iliyokufa haitoi VEGF. Aina ya SC asili yake ni Afrika Magharibi, kwetu ni nadra. Pande za ziwa tunakutana hasa na SS. Asilimia 14 si ndogo hata hivyo, ni kama mtu mmoja kati ya saba, na hatari hupanda kuanzia ujana hadi miaka ya thelathini. Mwanao yuko mlangoni mwa kipindi hicho. Mwongozo wa taasisi ya taifa ya moyo, mapafu na damu ya Marekani wa mwaka 2014 unasema mtoto mwenye sikoseli aanze kupimwa retina akiwa na miaka 10, na kama hakuna kitu arudie kila mwaka mmoja hadi miwili. Mwenye alama yoyote aonwe na mtaalamu wa retina. Kwa hiyo huo mwaka mmoja mliopewa uko sawasawa. Akionekana na zile njia za mkato za hatua ya pili, muda huo kwa kawaida hufupishwa hadi miezi sita hivi, na akiwa na upepeo wa bahari, hadi miezi michache tu.

Kurudi peke yake hakutoshi. Hakikisha anapimwa ipasavyo. Kile kitochi cha mkononi ambacho daktari hukisogeza karibu na pua ya mgonjwa huonyesha kitovu na kichwa cha neva, hakifiki pembeni. Kamera ya kawaida ya retina nayo hupiga nyuzi (digrii) 30 hadi 50 za katikati. Kipimo kinachofaa ni cha taa inayovaliwa kichwani, daktari akishika lenzi mkononi, mboni za mgonjwa zikiwa zimepanuliwa kwa matone. Ipo pia kamera inayopiga nyuzi 200 kwa picha moja. Mahali ilipo, inasaidia sana.

Matone ya tropikamaidi huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, na macho yenye rangi nyeusi kama yetu mara nyingi huhitaji kuongezewa. Usiwe na haraka. Mboni iliyopanuka nusu inaonyesha retina nusu. Kisha sikiliza daktari anavyomwelekeza mtoto: atazame juu, chini, kulia, kushoto, na zile pembe nne za katikati. Ukiona hakuambiwa kugeuza macho hivyo, uliza kwa heshima, "Daktari, pembeni mmefika?" Ni swali la haki, na daktari mzuri halichukulii vibaya.

Kabla hamjaondoka, omba mambo matatu yaandikwe kitabuni. Kwanza, mchoro: retina huchorwa kama uso wa saa, hivyo doa la juu upande wa sikio katika jicho la kulia litakuwa kwenye namba 10 au 11. Pili, ukubwa wake ukilinganishwa na kichwa cha neva. Tatu, sentensi inayosema kama mishipa mipya ipo au haipo, kwa kila jicho. Kama kuna picha, omba nakala kwenye simu yako. Faida ya kurudi kila mwaka iko kwenye kulinganisha: anayempima mwakani huenda akawa mtu mwingine, na bila mchoro hawezi kujua kama alama anayoiona ni ile ya zamani au imezaliwa juzi. Kuna pia kipimo cha OCT, kinachopiga tabaka za retina bila kugusa jicho. Kwa wenye sikoseli kinaweza kuonyesha retina iliyokonda upande wa sikio wa kitovu hata kama mgonjwa halalamiki. Kikipatikana, kifanywe angalau mara moja kiwe kumbukumbu. Daktari akishuku mishipa mipya anaweza kuomba picha za rangi ya fluoresini, inayodungwa mkononi. Usitishike mkojo ukiwa wa manjano kali siku hiyo.

Tuseme siku moja upepeo wa bahari umeonekana. Si kila mmoja hutibiwa papo hapo, kwa sababu sehemu kubwa yake hujikausha yenyewe; takwimu zinazotajwa ni kati ya asilimia 20 na 60. Daktari huangalia ukubwa, kama umeinuka, kama umeshatoa damu, kama macho yote mawili yameathirika. Anayeamua kutibu hupiga leza ya kutawanya kwenye eneo lile lisilo na damu, ili retina yenye njaa iache kuita mishipa. Hufanywa mgonjwa akiwa macho, kwa matone ya ganzi, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Njia ya zamani ya kuunguza mshipa unaolisha upepeo imeachwa, maana ilitoboa retina za watu. Zipo pia sindano za kuzuia VEGF ndani ya jicho, na upasuaji wa kuondoa ute uliojaa damu. Upasuaji ni mgumu zaidi kwa mtu wa sikoseli kuliko kwa mwingine: huenda akahitaji kuongezwa au kubadilishiwa damu kwanza, oksijeni wakati wote, na mshipi wa kubana jicho unaotumiwa kwa retina iliyong'oka huepukwa kwa kuwa unaweza kuinyima damu sehemu ya mbele ya jicho.

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi: uhakika wa kurudi ni sehemu ya uamuzi wa tiba. Mgonjwa anayejulikana kuwa hakosi tarehe anaweza kuachwa achunguzwe tu. Asiyeaminika kurudi, au anayeishi mbali mno, hupigwa leza mapema, hata kwa mishipa ambayo pengine ingejikausha. Ukitimiza tarehe zako, unampa daktari nafasi ya kusubiri.

Kisumu mna hospitali ya rufaa ya JOOTRH, Vihiga iko Hospitali ya Macho ya Sabatia. Ndugu zako wakiwa Eldoret au Nakuru, hospitali za rufaa za huko zina vitengo vya macho. Piga simu kabla ya kusafiri uulize mambo mawili: mtaalamu wa retina yuko siku gani, na mashine ya leza inafanya kazi? Uliza pia SHA (bima ya afya ya taifa) inalipia nini katika hospitali hiyo na nini mtalipa wenyewe. Siku ya safari abebe maji ya kutosha na sweta, kwani kiu na baridi vinaweza kumletea maumivu, na kofia ya ukingo kwa sababu mwanga utamsumbua. Hataweza kusoma maandishi ya karibu kwa saa 4 hadi 6, na akitiwa saiklopentoleti inaweza kufika siku nzima. Kwa hiyo chagua siku isiyo na mtihani, au likizo, na asiendeshe baiskeli kurudi nyumbani.

Zipo hali ambazo hazingoji tarehe. Akiona ghafla vinyuzi au vidoti vingi vinavyoelea, mimweko ya mwanga, kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja, au jicho kufunikwa na ukungu mwekundu, aonwe siku hiyohiyo. Jicho moja likizimika ghafla bila maumivu, ateri kuu ya retina inaweza kuwa imeziba. Hiyo ni dharura ya saa chache, mpeleke hospitali kubwa yenye damu na wataalamu wa sikoseli, usianzie duka la miwani. Na akiwa kwenye kipindi cha maumivu ya mifupa kisha kope zivimbe, jicho litokeze mbele na kuuma, huenda mfupa wa tundu la jicho umekosa damu. Huweza kufanana kabisa na usaha wa nyuma ya jicho, na vyote viwili hutibiwa wodini.

Linalonitia wasiwasi zaidi kwa kijana wa miaka 14, hata hivyo, ni mpira. Au fimbo, jiwe la manati, kofi. Jicho likipigwa, damu inaweza kuingia kwenye chumba cha mbele, kati ya kioo cha jicho na ile sehemu yenye rangi. Ukimkalisha wima utaona damu imetuama chini kama mstari. Kwa mtu wa kawaida nyingi hujisafisha zenyewe. Kwa mwenye HbS, maji ya chumba hicho yana oksijeni kidogo, chembe hujikunja humohumo, zinakuwa ngumu na kuziba vichujio vinavyotoa maji nje ya jicho. Presha ya jicho, ambayo kawaida ni 10 hadi 21, hupanda, na neva yake huumia kwa presha ambayo mwingine angeivumilia. Ndiyo maana madaktari wengi hufikiria kuosha damu hiyo kwa upasuaji presha ikizidi 24 kwa zaidi ya saa 24. Mfunike jicho kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, hata kitako cha kikombe cha karatasi, aketi au alale kichwa kikiwa juu, asipewe aspirini, aende hospitali mara moja. Huko useme sikoseli kabla hata ya kusimulia alivyopigwa, kwa kuwa asetazolamaidi (Diamox), dawa inayotumiwa sana kushusha presha ya jicho, huongeza asidi kwenye damu na kuchochea kujikunja. Kwa kawaida huepukwa kwake. Mwalimu wa michezo naye apewe barua fupi yenye maneno haya.

Mengine nipite haraka. Macho ya manjano uyaonayo kila siku si ugonjwa wa macho: chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, yake siku 10 hadi 20, na zikivunjika hutoa rangi hiyo. Manjano ikizidi ghafla pamoja na homa au kupauka, aende kliniki ya sikoseli. Macho yakimwasha msimu wa vumbi, usimnunulie matone dukani bila kuandikiwa, kwa kuwa baadhi yana steroidi na steroidi hupandisha presha ya jicho. Haidroksiyurea asiiache. Huongeza himoglobini ya utotoni, HbF, na watoto wenye HbF ya juu wameonekana kuwa na madhara machache ya retina, ingawa haiondoi haja ya kupimwa.

Kuhusu dada yake. Mwenye AS kwa kawaida hahitaji kupimwa retina kila mwaka. Yale ya jicho lililopigwa na kuingia damu yanamhusu kikamilifu, maana AS nao presha huwapanda vivyo hivyo. Naye ataje hali yake. Baadaye maishani akipata kisukari au shinikizo la damu, amweleze daktari wake kwamba ni AS. Lakini kwanza tafuta karatasi yake ya maabara. Kipimo cha haraka cha sikling kinaonyesha tu kwamba HbS ipo. Hakitofautishi AS na SS wala aina nyingine. Kama alipimwa kwa hicho pekee, apimwe upya kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Majibu yakitoka kuwa ni zaidi ya AS, kwa miaka yake 11 mlete siku ileile na kaka yake, kwani ameshapita umri wa kuanza.